ADHD kwa watu wazima: moyo, jasho na presha vinasemaje? (Uzi mrefu)

Mwendopole (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kila ADHD ya watu wazima (tatizo la kukosa umakini, kutotulia na pupa) inapotajwa, hachelewi kutokea mtu wa kusema kwamba mwenye nayo anaishi mwili wake ukiwa umewashwa saa zote: adrenalini imejaa, moyo unakimbia, ndiyo maana hatulii. Ukimtazama mtu anayechezesha mguu na kuwakatiza wenzake maneno, unaamini haraka. Mimi siamini. Waliopima miili hiyo kwa vyombo wamekuta kinyume mara nyingi zaidi, na hata hicho kinyume hakimalizi maneno. Kazi yangu ni vipimo vya moyo kwenye maabara ya fiziolojia, na ADHD ninayo mwenyewe, kwa hiyo nina maslahi pande zote mbili. Vumilieni urefu.

Mfumo wa neva unaojiendesha ndio unaosimamia kazi ambazo hatuombwi ruhusa: mapigo ya moyo, upana wa mishipa ya damu, jasho, mboni za macho, tumbo, kibofu. Jina hilo alilipendekeza John Newport Langley wa Uingereza mwaka 1898. Upande wa simpathetiki huuandaa mwili kwa shughuli. Upande wa parasimpathetiki, ambao amri zake kwa moyo hupita kwenye neva ya vegasi, hutuliza na kushughulikia chakula tumboni. Wengi hudhani upande mmoja ukipanda mwingine lazima ushuke. Sivyo. Zinaweza kupanda pamoja au kushuka pamoja, na hali ya moyo si lazima iwe hali ya ngozi.

Kuna jambo moja la moyo ambalo likieleweka, mengine yote yanakuwa rahisi. Moyo wa kijana ukikatiwa neva zake zote haupigi mara 60 wala 70, unapiga takriban mara 100 kwa dakika. Ndiyo maana waliopandikizwa moyo huwa na mapigo ya juu hata wakiwa wamelala. Ukijipima ukapata 65, ujue neva ya vegasi imeshika breki muda wote huo. Unapoinuka ghafla kwenda kufungua mlango, ile kasi ya sekunde za mwanzo haijaletwa na adrenalini. Ni breki imelegezwa.

Sasa vipimo. Mwaka 1971 James Satterfield na Michael Dawson waliwapima ngozi watoto waliokuwa na utukutu uliopitiliza. Tezi za jasho za viganjani huamrishwa na simpathetiki peke yake, na zikifanya kazi ngozi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mkono unaeleza habari za simpathetiki kwa uwazi kuliko moyo, ambao una mabwana wawili. Watoto wale walikuwa chini kuliko wenzao. Chini! Mwaka 2020 Alessio Bellato na wenzake wakakusanya tafiti zaidi ya hamsini, za watoto na za watu wazima. Pale palipoonekana tofauti, mara nyingi ilikuwa ya mwili uliopoa kuliko kawaida, hasa mtu akiwa amepumzika au akiwa kwenye kazi ya kuchosha inayodai umakini wa muda mrefu. Tafiti nyingi hazikuona tofauti yoyote, na chache ziliona mwili uliochangamka kupita kiasi.

Ukizisoma ukitafuta jibu moja, la juu au la chini, utasema watafiti wamevurugana. Mimi naona zinasema hivi: kiwango chenyewe si tatizo, tatizo liko kwenye kukirekebisha. Mwili hauendi sambamba na kazi iliyopo. Kazi ikipoa nao unapoa mno, kazi ikiwaka nao unaruka mno, na kurudi katikati kunachukua muda.

Karibuni tubishane.

Kimbembe

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye "mwili uliopoa" umeniacha. Mimi nina ADHD ya kuthibitishwa, na moyo wangu unadunda hadi nausikia masikioni. Bosi akiniandikia "tukutane saa nane" bila kusema ni kuhusu nini, siwezi kula. Huo ndio mwili uliopoa? Au mlipima watu waliosinzia?

Siti ya Nyuma

Nimecheka hapo kwa "mlipima watu waliosinzia". Ila swali ni la msingi.

Mwendopole

@Kimbembe, hukukosea sana kuhusu kusinzia. Vipimo vingi hufanyika kwenye chumba kimya, mtu amekaa mbele ya skrini anabonyeza kitufe kila herufi fulani ikitokea. Kwa mwenye ADHD mazingira hayo ni dawa ya usingizi. Ujumbe wa bosi ni jaribio jingine kabisa, na sina shaka kwamba unayoyasema yanatokea mwilini kweli.

Twende ndani kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Kwenye shina la ubongo kuna kijisehemu kiitwacho lokasi seruleasi. Seli zake ni makumi ya maelfu tu, katika ubongo wenye seli za neva kwa mabilioni, lakini nyuzi zake zinafika karibu kila pembe zikimwaga noradrenalini, kemikali inayochangamsha ubongo. Kina mawasiliano na vituo vinavyoendesha simpathetiki, na ni moja ya sababu za mboni za macho kupanuka unapokaza akili, hata kama mwanga haujabadilika. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miaka mingi kuonyesha noradrenalini hiyo inafanya nini kwenye gamba la mbele la ubongo, sehemu inayoshikilia wazo huku ikizuia mengine yasiingilie. Ikiwa ya kiasi, inashika vipokezi (milango ya seli inayopokea kemikali) vya alfa-2A na gamba la mbele linafanya kazi vizuri. Ikiwa kidogo mno, mawazo yanaponyoka. Ikizidi, inaanza kushika vipokezi vya alfa-1 na beta, na hapo gamba la mbele linadhoofika huku uendeshaji ukichukuliwa na mazoea na woga.

Kwa hiyo ni mstari unaopanda, unafika juu, unashuka. Robert Yerkes na John Dodson walichora kitu cha namna hiyo mwaka 1908 kwa kuwafundisha panya, bila kujua lolote kuhusu vipokezi.

Sasa iangalie siku ya mtu mzima mwenye ADHD. Asubuhi ana ripoti ya kukabidhi baada ya wiki mbili: noradrenalini iko chini, anafungua faili, anafunga, anatafuta kitu cha kumchangamsha. Usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi, hatari imekaribia, kiwango kimepanda hadi pazuri, anaandika saa tano mfululizo na watu wanashangaa kumbe anaweza. Kesho yake unakuja ujumbe wa bosi usio na maelezo: kiwango kinapita juu, anaganda, hawezi hata kuujibu. Mtu huyohuyo. Ukimpima asubuhi utaandika "chini", ukimpima mchana wa kesho utaandika "juu", na hutakuwa umedanganya mara zote mbili.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kwenye hili hautoki hata kwenye moyo. Katika vipimo vya kubonyeza kitufe, kinachojirudia kuonekana kwa wenye ADHD ni kuyumba kwa kasi ya kujibu: mara haraka, mara wamechelewa sana, mara haraka tena. Ukiharakisha mwendo wa kazi au ukiweka zawadi, kuyumba kunapungua. Kama uwezo ungekuwa umekosekana, zawadi isingeuleta. Göran Söderlund wa Sweden na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba kelele ya mvumo mfululizo iliwasaidia watoto wenye ADHD kwenye kazi ya kukumbuka huku ikiwavuruga wasio nayo. Ndiyo maana namwelewa mtu anayechezesha mguu kikaoni: kuna wanaoona kwamba anajichangamsha abaki macho. Kumwambia atulie kunaweza kuwa kumwambia asinzie.

Moja zaidi kwako, Kimbembe. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa na Ronald Kessler na wenzake mwaka 2006 ulikadiria kuwa asilimia 4.4 ya watu wazima wana ADHD, na kati yao asilimia 47 walikuwa pia na tatizo la wasiwasi ndani ya mwaka huo. Karibu nusu. Moyo unaodunda masikioni unaweza kuwa wa ADHD, unaweza kuwa wa wasiwasi, unaweza kuwa wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au wa damu pungufu. Hayo mawili ya mwisho yanajulikana kwa kipimo cha damu, na ni kosa kubwa kuyaruka kwa sababu tu tayari una jina la kuuita mwili wako.

Kimbembe

Tezi sijawahi kupima. Sawa, hapo nimekaa.

Chuma cha Pua

Mimi ninachojua, dawa za ADHD ni za kusisimua. Mtu wa kawaida akinywa anapanda, mwenye ADHD akinywa anatulia. Hiyo si ushahidi tosha kwamba mwili wake umegeuzwa? Na ndiyo njia ya kujua kama unayo au huna.

Mwendopole

Hapana mkuu, hiyo ya "akitulia basi anayo" ilishajaribiwa ikaanguka. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake waliwapa deksitroamfetamini wavulana wasio na tatizo lolote, nao wakapunguza kuhangaika na umakini ukaongezeka. Dawa haina macho ya kuchagua. Kinachotofautiana ni mtu alikuwa amesimama wapi kwenye ule mstari kabla ya kunywa.

Historia ya dawa hizi ina mzaha wake. Charles Bradley mwaka 1937, katika hospitali ya watoto huko Rhode Island, Marekani, aliwapa Benzedrine (aina ya amfetamini) watoto waliokuwa wakiumwa kichwa baada ya kipimo cha ubongo. Kichwa hakikupona sana, ila masomo yakabadilika. Methilfenideti ilitengenezwa mwaka 1944 na Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi, na inasimuliwa kwamba mke wake Marguerite, aliyeitwa Rita, alikuwa na presha ya kushuka na akaizoea kabla ya kucheza tenisi. Hapo ndipo lilipotoka jina Ritalin. Yaani kabla haijawa dawa ya umakini, ilishakuwa dawa ya mfumo huu tunaouzungumzia.

Na bado ni hivyo. Methilfenideti huziba njia ambazo dopamini na noradrenalini hurudishwa ndani ya seli. Amfetamini huenda mbali zaidi, inazisukuma zitoke. Kwa wastani mapigo hupanda kwa kama 3 hadi 6 kwa dakika, na presha kwa kama 2 hadi 4. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Lakini wastani huficha watu wawili watatu ambao wao wamepanda 20. Utafiti wa Sweden uliochapishwa kwenye jarida la JAMA Psychiatry mwaka 2024 ulionyesha kuwa waliotumia dawa hizi kwa miaka mingi zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya presha ya kupanda na magonjwa ya mishipa mikubwa ya damu. Hilo halinifanyi niseme watu waache. Ajali, kufukuzwa kazi na ulevi navyo vinaua, na ADHD isiyotibiwa huongeza vyote. Linanifanya niseme watu wapime presha.

NesiWaZamu

Nimengoja hapo kwenye presha nipate pa kuingilia. Nimefanya kazi kliniki ya watu wazima wenye ADHD, niongeze ya upande wetu.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza ya miongozo ya tiba, toleo la 2018, unasema kabla ya kuanza dawa mtu apimwe mapigo, presha na uzito na aulizwe historia ya moyo ya kwake na ya familia. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, si ya kila mtu. Ni kwa mwenye sababu, kwa mfano aliyewahi kuzimia akiwa kwenye mazoezi, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Baada ya hapo mapigo na presha hupimwa kila dozi inapobadilishwa, kisha kila miezi sita. Mapigo yakidumu juu ya 120 mtu akiwa amepumzika, dozi inapunguzwa na anapelekwa kwa daktari bingwa.

Ninachokiona kinaharibika ni upimaji wenyewe. Mtu anafika amechelewa (tunajuana), amepanda ngazi mbio, amekunywa kahawa njiani, anawekewa mkanda huku anasimulia kwa nini amechelewa. Presha hiyo si yake, ni ya ngazi. Ukipima nyumbani: nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda msalani kwanza, kibofu kilichojaa kinapandisha. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kuikunja moja juu ya nyingine, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee. Usiongee hata kidogo.

Dawa zisizo za kusisimua zina mambo yake. Atomoksetini huzuia noradrenalini isirudishwe, kwa hiyo nayo hupandisha mapigo, na huongeza vitu ambavyo watu huona aibu kuvisema: mdomo kukauka, mkojo kusita kutoka, matatizo ya kitandani kwa wanaume. Vyote vinatokana na mfumo huu, semeni. Kuna watu ambao ini lao huivunja polepole sana kwa sababu ya kimeng'enya walichorithi, nao hupata dozi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye karatasi. Guanfasini na klonidini zinakwenda upande wa pili, zinashusha mapigo na presha, zinaleta usingizi. Hizo HAZIACHWI GHAFLA. Ukiamka siku moja ukaamua umechoka nazo, presha inaweza kurudi kwa kishindo. Zinapunguzwa kwa ngazi.

Mwendopole

Guanfasini ndiyo hiyohiyo inayoshika vipokezi vya alfa-2A nilivyotaja juu. Dawa inayoshusha presha na bado inasaidia umakini. Kama ADHD ingekuwa ni kukosa msisimko peke yake, dawa hiyo isingekuwa na kazi hapa.

Pazia Jeupe

Wakuu, saa yangu ya mkononi inaniambia HRV yangu ni 24 na rafiki yangu asiye na ADHD ana 70. Nimeumia roho. Je, ndiyo vegasi yangu imekufa?

Mwendopole

Haijafa, ingekuwa imekufa usingekuwa unaandika hapa kwa utulivu.

HRV ni tofauti ndogondogo za muda kati ya pigo moja na jingine. Ukivuta pumzi moyo unaharakisha kidogo, ukitoa unapunguza, na tofauti hiyo inaletwa zaidi na vegasi inayolegeza na kukaza. Kwa hiyo kwa mtu aliyetulia, HRV kubwa hudokeza vegasi yenye kazi. Mpaka hapo saa iko sahihi.

Kinachofuata ndicho kinachowaponza watu. HRV hushuka kwa umri, na hushuka sana. Hutofautiana kati ya watu wawili wenye afya kwa kiasi kinachokaribia kuchekesha, na kulinganisha yako na ya rafiki ni kama kulinganisha namba za viatu. Pombe ya jana inaishusha, homa inaishusha, usingizi mbovu unaishusha, mazoezi ya muda mrefu yanaipandisha, kupumua polepole kunaipandisha hapohapo bila chochote kubadilika maishani mwako. Dawa zako za ADHD zinaigusa. Wengine wakisoma utafiti unaosema wenye ADHD wana HRV ndogo, hawaulizi kama waliopimwa walikuwa wanatumia dawa, wanavuta sigara, wamelala. Na watu wazima wenye ADHD huvuta sigara zaidi na hulala vibaya zaidi. Sasa umepima ADHD au umepima sigara?

Halafu kuna zile programu zinazokupa asilimia ya "simpathetiki dhidi ya parasimpathetiki" kwa kugawanya mawimbi ya chini kwa mawimbi ya juu ya HRV. George Billman aliandika mwaka 2013 kwa nini hesabu hiyo haipimi mizani inayodaiwa, na mawimbi ya chini hayatoki simpathetiki peke yake. Bado inauzwa. Mimi nikiona mchoro wa namna hiyo nafunga ukurasa.

Kama unaipenda saa yako, jilinganishe na wewe mwenyewe, usiku kwa usiku, kwa wiki kadhaa. Ikishuka na kubaki chini kuliko kawaida yako, tafuta kilichobadilika. Basi.

Siti ya Nyuma

Mimi swali langu ni la kusimama. Nikiinuka kitandani dunia inazunguka, mapigo yanaruka hadi 120 au 130, nikioga maji ya moto napata giza. Pia viungo vyangu vinapinda kupita kiasi, vidole vinafika kwenye mkono. Kwenye kurasa za ADHD wanasema "ni ADHD hiyo, sote tuko hivyo". Kweli?

NesiWaZamu

Dada au kaka, hiyo usiiache ikaitwa ADHD. Nenda ukapimwe.

Mtu akisimama, kati ya nusu lita na karibu lita moja ya damu hushukia miguuni na tumboni. Vihisio vya presha vilivyoko shingoni na kifuani vinatambua, simpathetiki inabana mishipa, vegasi inalegea, unabaki umesimama bila kujua kwamba kuna kazi imefanyika. Kwa baadhi ya watu kubana huko hakutoshi na moyo unalipa fidia kwa mbio. Hali moja ya namna hiyo inaitwa POTS: mapigo yanapanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama (40 kwa wa miaka 12 hadi 19), presha isishuke sana, na dalili ziwe zimedumu miezi mitatu au zaidi. Kliniki hufanya hivi: unalala dakika kadhaa, wanapima, unasimama bila kuegemea, wanapima tena na tena hadi dakika ya kumi. Hakuna mtambo wa gharama unaohitajika, ni saa, mkanda wa presha na mtu wa kukudaka.

Viungo kulegea umefanya vizuri kutaja. Utafiti kutoka Brighton, Uingereza, wa mwaka 2022, ambao Jessica Eccles ni mmoja wa waandishi, uliwatazama watu wazima wenye ADHD, usonji na Tourette (misuli kushtuka na sauti kutoka bila kukusudia). Karibu nusu walikuwa na viungo vinavyopinda kupita kawaida, dhidi ya kama mmoja kati ya watano kwa watu wengine, na walikuwa na dalili nyingi zaidi za kizunguzungu cha kusimama na maumivu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba nyama unganishi iliyolegea iko pia kwenye kuta za mishipa ya damu. Kwa hiyo wale wa kwenye kurasa hawajatunga kila kitu. Ila "sote tuko hivyo" si matibabu. Ukiwa na POTS halafu ukaandikiwa dawa ya kupandisha mapigo bila daktari kujua, utateseka bure. Pia ubongo usiopata damu ya kutosha ukiwa umesimama unaleta ukungu wa kichwa unaofanana sana na ADHD. Mjulishe daktari vyote viwili kwa pamoja.

Siti ya Nyuma

Ni dada. Asante, nitaenda.

Chuma cha Pua

Na hizi mbinu za "kuamsha vegasi"? Maji baridi usoni, kuimba kwa mvumo, kusukutua koo. Kuna mwalimu anasema mfumo wangu umekwama kwenye hali ya kuganda na anauza kozi.

Mwendopole

Maji baridi usoni yanafanya kazi, sibishi. Neva ya hisia za uso inapeleka taarifa, vegasi inapunguza mapigo, ni ileile mbinu ya mwili wa mnyama anayepiga mbizi. Inadumu muda mfupi. Inafaa kukutoa kwenye mshituko, haitakufanya uandike ripoti. Mwenye matatizo ya moyo asijijaribie.

Kupumua polepole, kama mara sita kwa dakika, kuna msingi imara zaidi: kasi hiyo hukutana na mzunguko wa asili wa vihisio vya presha, HRV inapanda, watu wengi wanatulia. Mimi hufanya kabla ya mazungumzo magumu. Lakini angalia mantiki ya uzi huu. Mbinu ya kutuliza inamsaidia aliyepanda kupita kiasi. Aliyepoa, anayeshindwa kuanza kazi kwa sababu hakuna kinachomwasha, ukimtuliza zaidi unampeleka wapi? Huyo anahitaji kutembea kwa kasi, muziki, mtu wa kukaa naye wakati anafanya kazi, muda mfupi uliowekewa mpaka. Mazoezi ya mwili ndiyo pekee ninayoona yanafaa pande zote: yanachangamsha siku hiyo, na yakizoeleka yanaishusha kasi ya moyo ukiwa umepumzika.

Nadharia ya "kuganda" inayouzwa kwenye kozi inatokana na Stephen Porges, miaka ya 1990. Maelezo yake ya anatomia ya vegasi yamepingwa vikali na wanafiziolojia. Anayekutajia hali ya neva yako kwa kukutazama kwenye video hajapima kitu. Fedha yako, lakini.

Pazia Jeupe

Na usingizi? Mimi akili inawaka saa tano usiku.

Mwendopole

Hilo lingetaka uzi wake. Kwa kifupi, kazi za Sandra Kooij na wenzake kule Uholanzi zimeonyesha kuwa kwa watu wazima wengi wenye ADHD melatonini, homoni ya usingizi, huanza kupanda usiku ikiwa imechelewa, kwa kama saa moja na nusu. Saa ya mwili imesogea. Mwanga mkali asubuhi unaiwahisha, mwanga wa skrini usiku unaichelewesha, na kahawa ya saa kumi jioni bado nusu yake iko mwilini saa tatu usiku. Usiku mbovu nao unaufanya mwili upoe kesho yake, na mzunguko unaanza upya.

Kimbembe

Swali la mwisho mtoa mada. Kama jasho na moyo vinaonyesha yote haya, kwa nini nilijaziwa madodoso na kuulizwa habari za darasa la tatu, badala ya kuwekewa waya mkononi?

Mwendopole

Kwa sababu waya ungekuambia kuhusu kundi, usingekuambia kuhusu wewe. Tofauti za wastani zipo, ila ukiwapanga wenye ADHD na wasio nayo kwa kipimo cha jasho, makundi yanaingiliana mno kiasi kwamba huwezi kumchukua mtu mmoja ukasema yuko upande upi. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, unataka kwa mtu mzima angalau dalili tano za kutokuwa makini au tano za utukutu na pupa, baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na zimharibie mambo zaidi ya mahali pamoja. Mapigo hayamo. Ndiyo maana ya darasa la tatu. Presha yako ilikuwa ngapi lakini, hukusema.

Kimbembe

148 kwa 94. Ila baada ya kusoma ya NesiWaZamu sitaitaja tena, nilipima nimesimama, nina kikombe cha kahawa, naongea na simu.

NesiWaZamu

Rudia kesho asubuhi na jioni, umekaa, siku saba mfululizo, uandike zote. Siku ya kwanza usiihesabu. Ukibaki juu ya 135 kwa 85 kwa wastani, nenda na karatasi hiyo kwa daktari kabla hajakuongezea dozi.